Kipepeo wa Machimbo ya Chokaa

Mwezi uliopita jirani yangu alileta mafundi wa kupaka ukuta wake wa nje. Walikuja na magunia mawili ya chokaa, wakaimwaga kwenye pipa, wakaimiminia maji, na baada ya dakika chache pipa likaanza kuchemka bila moto. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua nikianika nguo. Harufu ya chokaa inapokutana na maji haina mfano mzuri. Ni kama vumbi la chaki, ni kama mvua ya kwanza juu ya jiwe lililopigwa na jua, na chini yake kuna kitu kikali kinachokwaruza koo. Niliziacha nguo kwenye beseni, nikaingia ndani, nikakaa. Ilikuwa imetimia mwaka mmoja tangu tumzike Baba. Sikulia. Nilikumbuka tu siku moja nilipokuwa na umri wa miaka tisa, nikaona ni afadhali niiandike kama ilivyokuwa, kabla sijaanza kuirembesha.

Wakati huo tulikuwa tukiishi Langas, katika ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, mfereji mmoja wa maji katikati na choo mwisho kabisa. Baba na Mama walikuwa wamekuja Eldoret kutoka upande wa ziwa kabla sijazaliwa. Mama aliuza mitumba sokoni. Baba alikuwa mtu wa maabara katika shule moja ya sekondari ng'ambo ya mji. Hakuwa mwalimu, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema hilo. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya vioo, kupima asidi, kuwatayarisha vyura ambao wanafunzi wangewapasua, na kulitunza kabati la wadudu waliokaushwa. Koti lake jeupe lilifuliwa kila Jumamosi, lakini halikuacha kunuka spiriti, ile ya kuhifadhia viumbe ndani ya chupa.

Harufu hiyo ndiyo iliyoniharibia mambo. Mimi sikuwahi kuingia katika maabara yake, lakini walevi niliwajua, maana Langas ilikuwa nao wa kutosha, na nilijua kwamba mtu mzima anayenuka kitu kikali saa kumi na mbili jioni ametoka mahali fulani.

Tena kulikuwa na mwendo wake. Giza likianza kuingia, Baba alikuja akiupapasa ukuta wa ploti kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayehesabu matofali. Alikanyaga mabeseni ya watu. Aliwahi kupita katikati ya mboga alizozipanga Mama Nekesa, jirani yetu wa chumba cha tatu, na siku nyingine Mama Nekesa alimnyooshea mkono amsalimie, Baba akapita na kumwacha mkono ukiwa umening'inia hewani.

"Siku hizi mzee anaringa," Mama Nekesa alisema mara ya kwanza.

Mara ya pili hakusema hivyo. Alimwambia mwanamke mwenzake pale mferejini, nami nikiwa nimeinama nakinga maji, "Si kuringa. Ile ni pombe. Mlevi hajui kuzunguka kitu. Wewe weka tu ndoo kwa njia. Mtu mwenye akili yake ataizunguka. Mlevi ataipiga teke."

Watoto wenzangu hawakuhitaji ndoo. Walikuwa wameshaanza kuuiga mwendo wake nyuma yangu, mikono ukutani, miguu ikitafutatafuta. "Mzae wako amechapa mtungi," waliniambia, wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu kutocheka kungekuwa kukiri.

Jioni moja nililiweka jaribio hilo. Nilichukua ndoo yetu ya bati, ile ndogo, nikaiweka kwenye korido hatua tatu kutoka mlango wetu, nikakaa ndani nikisikiliza. Baba alikuja. Ndoo ikalia kwa kishindo na kubingirika hadi kwenye mlango wa jirani. Alisimama kidogo, akaiokota, akaingia nayo mkononi, akaiweka chini ya meza. Mguu wake wa suruali ulikuwa umechanika.

Mama alimtazama. "Umepitia wapi?"

"Sijapitia mahali."

"Na hii matope yote?"

"Ni ya njiani."

Mama aligeuza uso. Baba hakujitetea. Aliketi karibu na taa, akafungua gazeti la juzi, akalisoma mpaka yale maandishi madogo ya matangazo ya ardhi. Hilo la kusoma gazeti nililiweka moyoni kama ushahidi. Tatizo halikuwa macho, basi. Mtu asomaye maandishi madogo kama sisimizi hawezi kukosa kuiona ndoo.

Muda si mrefu baadaye, wadudu wadogo waliingia katika kabati la shule na kula mkusanyo wote wa vipepeo. Mwalimu mkuu akataka ujazwe upya kabla ya siku ya wazazi. Baba alikusanya wengi kandokando ya uwanja wa shule na kwenye mashamba ya ngano. Alibaki mmoja tu asiyepatikana mjini: kipepeo mkubwa mweusi, mwenye utepe wa bluu inayokaribia kijani uliokata mbawa zake toka upande hadi upande. Baba alijua anakopatikana. Ng'ambo ya mji mdogo wa Plateau, alisema, kuna mahali ambapo msitu unaishia na mawe ya chokaa yanaanzia, na maji yakichuruzika juu ya yale mawe vipepeo hushuka kunywa chumvi. Mzee Chumo, aliyekuwa anachoma chokaa huko na kuiuzia shule kwa ajili ya vyoo, angetubeba kwa lori lake likirudi tupu.

"Nitaenda na mtoto," Baba alimwambia Mama.

"Mtoto wa nini huko msituni?"

"Ana macho mazuri."

Alisema hivyo hivyo, waziwazi, mezani, mbele yetu. Mama alidhani ananibembeleza. Mimi nilidhani ananisifu.

Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi, Mzee Chumo akiendesha, mimi katikati yao wawili. Tangu nilipoamka nilikuwa nimemlinda Baba kama askari. Nilimwona akinywa chai ya rangi na kula viazi vitamu viwili. Nilimnusa alipoinama kunifunga kamba za viatu. Hakunuka kitu ila sabuni, maana lile koti alikuwa ameliacha nyumbani. Lori lilipopita Plateau nilikuwa na uhakika kabisa kwamba mtu aliyekaa kando yangu hajaonja kitu, na jambo hilo lilinipa furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Msitu ulikuwa na baridi ya kuuma vidole. Ukungu ulikuwa umekaa katikati ya mierezi, na chini kulikuwa na majani yaliyooza, laini, yanayonuka kama sanduku la nguo za zamani. Mzee Chumo alituacha kwenye njia ya ng'ombe, akatuonyesha moshi wa tanuri lake mbele, mahali miti ilipoanza kupungua, akasema atatungojea huko na chai.

Baba aliuweka mkono wake begani kwangu, akanitanguliza. Tulitembea hivyo kwa muda mrefu. Nilishangaa, kwa sababu Baba hakuwa mtu wa kugusagusa watoto.

"Huko kushoto kuna nini?" alikuwa akiuliza.

"Kuna mti umeanguka."

"Na chini?"

"Mizizi."

"Na kulia?"

Alinihoji hivi bila kuchoka, nami nikadhani ni mtihani, ule mtindo wa walimu wa kukuuliza kitu wanachokijua. Mwanzoni nilijibu kwa bidii. Nilitaja uyoga, mavi ya nyani, utando wa buibui wenye umande. Baadaye nikachoka, nikaanza kusema "hakuna kitu" hata palipokuwa na kitu, akajikwaa mara mbili, akashika mti, akasema tu, "Angalia vizuri, nyathina." Nyathina ni mwanangu, kwa lugha yetu. Aliitumia mara chache, na kila mara ilinifanya nione aibu.

Jua lilipopenya akanifundisha kuwinda. Kipepeo hakimbizwi, alisema. Ukimkimbiza utashika upepo. Usiache kivuli chako kimwangukie. Zunguka, njoo kwa nyuma, nenda polepole, na wavu uushushe mara moja tu, bila kufikiri. Nilimshika mmoja mweupe mwenye madoa ya rangi ya machungwa kwenye ncha za mbawa, na alipokuwa akipigapiga ndani ya wavu nilisikia moyo wangu ukienda sawa naye. Baba aliushika wavu karibu kabisa na uso wake, mbele ya pua, akamtazama yule kipepeo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kumtambua. Kisha akamwachilia. "Huyu tunaye," alisema.

Tulipotokea kwenye mawe jua lilikuwa kali. Sijawahi kuona nchi ya namna ile tena. Nyasi fupi, na katikati yake mawe ya kijivu na meupe yametokeza, mengine yametobolewa na maji mpaka yakawa kama sega la nyuki. Mahali yalipochimbwa kulibaki weupe wa kuumiza macho. Tanuri la Mzee Chumo lilikuwa mnara mfupi wa mawe na udongo, ukitoa moshi, na kando yake mapande yaliyokwisha kuchomwa yalikuwa yakimwagiwa maji, yakilia kwa sauti ya chumvi kwenye moto. Harufu ile niliinusa hapo kwa mara ya kwanza.

Mzee Chumo alimmiminia Baba chai, akamnyooshea kikombe kutoka ubavuni. Baba hakukipokea. Aliendelea kuzungumza juu ya mvua. Mzee Chumo alingoja, kikombe mkononi, akamtazama Baba, kisha akanitazama mimi, kisha akauchukua mkono wa Baba na kukiweka kikombe ndani yake.

"Usiende upande ile ya mashimo ya zamani," alimwambia. "Nyasi imefunika."

"Sitaenda mbali," Baba alisema.

"Wewe msichana," Mzee Chumo akanigeukia, "angalia baba yako."

Nilikasirika. Niliona kwamba hata huku, kilomita nyingi kutoka Langas, habari za Mama Nekesa zimefika. Ni lini mtoto akaambiwa amwangalie baba yake, kama si baba mlevi?

Tulienda kando ya mawe, na saa moja hivi baadaye tukalifikia shimo. Lilikuwa chimbo la zamani, refu kama lori, limekatwa wima, kina chake kikimzidi mtu mzima. Ukingo ulikuwa na nyasi, lakini kutoka pale niliposimama nililiona vizuri sana. Ng'ambo yake kulikuwa na mwamba uliolowa maji yanayochuruzika, na juu ya mwamba vipepeo weupe makumi kwa makumi, wamebananana, wakifungua na kufunga mbawa zao kama watu wanaopumua usingizini. Na katikati yao alitua yule mweusi.

"Baba," nilinong'ona. "Yuko pale."

"Wapi?"

"Mbele. Nyooka tu. Kwa mwamba."

Aligeuza kichwa polepole, kushoto, kulia, kisha akasimama. Niliuona uso wake. Midomo ilifunguka. "Nimemwona," alisema. "Ee, nimemwona. Utepe wote naona."

Hapo ndipo nilipolitazama lile shimo katikati yake na kipepeo, nikakumbuka ndoo.

Watu wa rika langu mtanielewa mkikumbuka jinsi akili ya mtoto wa miaka tisa ilivyo na haki yake yenyewe. Ilikuwa mchana. Baba hakuwa amekunywa. Shimo halikuwa ndoo ndogo ya bati, lilikuwa shimo, na mtu mwenye akili yake angelizunguka. Angelizunguka, nami ningerudi Langas nikijua kwamba ulevi ni ugonjwa wa jioni tu, kwamba mchana ninaye baba mzima, kwamba ndoo ilikosea. Sikutaka aanguke. Nilitaka azunguke. Hilo nalisema si kwa kujitetea bali kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sikusema kitu. Nilizunguka mimi mwenyewe upande wa kulia, kama alivyonifundisha, mpaka nikafika karibu na mwamba, nikageuka kumtazama.

Baba alikuja moja kwa moja. Alikuwa ameuinua wavu, macho yake hayakubanduka kwa kipepeo, na miguu yake ilikuwa ikikanyaga kwa utulivu ambao sikuwa nimeuona kwa muda mrefu. Alitembea kama kijana. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa kama hatua sita. Nilizihesabu. Hatua ya saba haikupata ardhi.

Vipepeo wote waliruka mara moja. Wavu ulibaki umelala ukingoni. Kutoka shimoni lilipanda vumbi jeupe.

"Baba?"

"Uko wapi?" Sauti yake ilitoka chini, kavu. "Usisogee! Usisogee hapo, kuna shimo!"

Nilipiga magoti nikachungulia. Alikuwa amelala ubavu, mweupe kuanzia nywele hadi viatu, mkono wake wa kushoto umekunjwa mahali ambapo mkono haukunjwi. Aliinua uso akiutafuta uso wangu, akauona.

"Hukuona shimo?" aliniuliza.

"Sikuona," nikasema.

Alinitazama. Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichokatwa na maumivu. "Basi tuko wawili," alisema.

Sikuelewa. Nilikimbia kumwita Mzee Chumo, ambaye hakuuliza swali hata moja. Alikuja na ngazi ya miti na watu wawili wa tanuri, wakamtoa, wakamfunga mkono kwa gunia na vipande vya mbao, wakamlaza kwenye lori juu ya nyasi. Njia nzima hadi hospitali ya Plateau Mzee Chumo alitazama barabara. Mara moja tu alisema, si kwangu hasa, "Nilisema nyasi imefunika."

Hospitalini walimpiga Baba plasta. Kisha daktari, mwanamke mmoja mfupi aliyesema kwa sauti ya chini, akamkalisha kwenye kiti na kumwambia amtazame puani. Akaeneza mikono yake pande zote mbili, akaanza kuchezesha vidole akivileta katikati kidogo kidogo.

"Ukiona vidole, sema."

Baba hakusema. Vidole vilipita mabega ya daktari, vikapita masikio yake, mimi nikiwa nasubiri Baba aache mchezo. Vilipokaribia mashavu yake ndipo aliposema, "Sasa."

"Hii imeanza lini, Mzee?"

"Inaenda mwaka wa tatu."

"Na umeonwa?"

"Nilionwa. Waliniambia macho yataendelea kujifunga, kutoka pembeni kuja katikati."

"Lakini anasoma gazeti!" nilisema. Ilitoka kwa sauti kubwa, kama mtu anayemtetea mshtakiwa.

Daktari alinigeukia. Alichukua karatasi kutoka mezani, akaikunja ikawa kama bomba, akanipa niiweke jichoni na kufumba jicho la pili. "Angalia kwa ukuta. Unaona nini?"

"Saa."

"Inasema saa ngapi?"

"Saa tisa na robo."

"Vizuri. Na miguu yako unaiona? Na mimi, unaniona?"

Sikuiona miguu yangu. Sikumwona yeye, ijapokuwa alikuwa amesimama kando yangu na nilisikia pumzi yake. Nilibaki na ile karatasi jichoni kuliko ilivyotakiwa, kwa sababu nikiitoa ningelazimika kumtazama Baba.

Baba alimwambia Mama siku hiyo hiyo, tulipofika nyumbani, kabla hata hajakaa. Mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Aliketi kitandani, mwiko bado mkononi, ukidondosha uji sakafuni.

"Na mimi nimekuwa nikisema unakunywa," alisema.

"Nilijua."

"Mwaka mzima, yawa! Majirani wanacheka. Kwa nini hukusema?"

Baba alifikiri. "Mlevi anaweza kuacha," alisema.

Nilikuwa mlangoni. Nilisikia, na ninakumbuka kwamba sentensi hiyo niliielewa mara moja, tofauti na nyingine zote za siku ile. Alikuwa ameuchagua ule uongo kwa sababu ulikuwa na mlango wa kutokea. Na shule isingemwacha mtu asiyeona pembeni ashike asidi.

Haikumwacha. Walimhamishia stoo kwa muda, kisha naye mwenyewe akaondoka. Nafasi ya kipepeo mweusi ndani ya kabati ilibaki na kikaratasi chake tu. Baba akawa anakaa barazani, na watoto wa ploti, wale wale waliouiga mwendo wake, wakaanza kumletea vitabu vyao vya sayansi. Aliwafundisha kutoka kichwani: moyo na vyumba vyake vinne, jani na matundu yake, akichora hewani kwa kidole. Dirisha lake la kuonea lilizidi kujifunga mwaka baada ya mwaka. Mama Nekesa alimletea mboga bila kuombwa, na hakuna aliyezungumza tena juu ya ndoo.

Kitu kilichonitesa hakikuwa upofu wake. Kilikuwa kwamba aliipenda hadithi ya siku ile. Kila mgeni aliyekuja, awe ndugu kutoka nyumbani, awe mtu wa kanisa, awe Mzee Chumo mwenyewe akipita na lori lake, Baba alimsimulia. Alisimulia vizuri. Aliweka ukungu, akaweka mwamba na vipepeo, akainuka kitini kuonyesha alivyotembea. "Namuuliza, hukuona shimo? Anasema, sikuona. Nikamwambia, basi tuko wawili!" Na wageni walicheka, na Mama alicheka, na mimi nilitoka kwenda kuangalia kama maji yamechemka.

Nilimwambia nikiwa kidato cha pili, wakati wa likizo. Alikuwa akichambua maharagwe kwa vidole, akitoa vijiwe. Hakukuwa na sababu ya kuchagua siku hiyo. Niliketi mbele yake, mahali ambapo bado aliweza kuniona ikiwa ningekaa bila kusogea.

"Baba, lile shimo nililiona."

Vidole vilisimama. "Shimo gani?"

"La chokaa. Nililiona kabla. Nilinyamaza."

Hakuniuliza kwa nini. Nilimweleza mwenyewe, maneno ya Mama Nekesa, ndoo, chai ya rangi, viatu, jinsi nilivyotaka azunguke. Nilipomaliza alisawazisha maharagwe kwenye ungo kwa kiganja.

"Ile ndoo ilikuwa yako?" aliuliza mwishowe.

"Ndiyo."

"Ilinichuna hapa." Aligusa goti lake. Kisha akaanza tena kuchambua. "Ningekuambia siku ile kwamba sioni, ungenizungusha."

"Ndiyo, Baba."

"Basi."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Nilikaa naye mpaka maharagwe yakaisha, nikayapeleka jikoni. Kwa siku kadhaa niliona kwamba amekuwa mkimya, au labda mimi ndiye niliyekuwa nikimsikiliza zaidi. Nilifikiri angalau hadithi ile sasa imekufa, na nilishangaa kugundua kwamba nilikuwa nimeanza kuihuzunikia.

Jumapili iliyofuata alikuja mgeni, mjomba wa Mama ambaye hakuwa amefika Eldoret kwa miaka mingi. Baada ya chakula akaulizia ule mkono wa Baba, uliopona ukiwa umepinda kidogo. Mama akasema, "Huo una hadithi yake." Nilinyanyuka nikusanye sahani.

Baba akaanza. Msitu, ukungu, Mzee Chumo na kikombe. Niliweka sahani juu ya sahani bila kuzigonganisha. Mwamba, vipepeo, yule mweusi. Aliinuka, akatembea hatua zake, akaanguka kwa namna yake ya kuchekesha, mkono ukitafuta hewa. Mjomba alikuwa ameshaanza kucheka.

"Niko huko chini, mweupe kama jini," Baba alisema, "namuuliza, hukuona shimo?"

Akasimama hapo. Kichwa chake kiligeuka polepole, kushoto, kulia, kikitafuta chumba kizima kupitia lile dirisha dogo lililobaki, mpaka kikanipata mimi, nimesimama kando ya meza na sahani zangu.

"Akasema hakuona," Baba alimwambia mgeni, akinitazama. "Na kweli hakuona. Alikuwa na miaka tisa. Angeona nini?"